Kijana ameitwa timu ya mpira wa Kimarekani, nimsainie?

Habari za jioni wanajumuiya. Mwanangu yuko darasa la tisa hapa Columbus, Ohio. Kocha kamleta na fomu, eti ana mapaja ya Archie Griffin. Nikamuuliza jirani kama hilo ni tusi au sifa. Akaniacha mlangoni, akatoka na jezi namba 45, kijana ajaribu. Baba yake yuko Mombasa, anasema hataki kusikia mpira unaoshikwa kwa mikono. Nisaini?
Mama wa East Side

*

Dada, ni sifa, tena kubwa. Griffin ni mtoto wa hapa hapa, kasoma sekondari ya Eastmoor. Mfupi, futi tano na inchi tisa. Mechi yake ya kwanza chuo kikuu cha Ohio State, 1972, mpira ulimponyoka mara ya kwanza tu kuushika. Iliyofuata, dhidi ya North Carolina, kakimbia na mpira yadi 239, rekodi ya chuo wakati huo. Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, kachukua 1974, akarudia 1975. Hakuna mwingine aliyeipata mara mbili. Ndiyo maana jirani yako ana jezi, 45 ilikuwa namba yake Griffin.

Ila msimulie kijana na yaliyofuata. Bengals wa Cincinnati, timu ya kulipwa, walimchukua 1976, raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji. Chuoni alikimbia yadi 5,589 kwa misimu minne. Kule kwa misimu saba akapata 2,808. Miguu ni ile ile! Kisha akarudi chuoni kwake, kazi za ofisini, hadi akawa rais wa chama cha wahitimu.

Kwa hiyo kabla ya kalamu, muone mshauri wa masomo. Kuchezea chuo cha daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo, kunataka masomo 16 ya msingi, na hesabu inaanza darasa la tisa. Wangu alikaa mwaka mzima kwenye Kiingereza cha wageni, tukaja kuambiwa mwishoni hakihesabiwi. Nililia kwenye gari. Uliza somo moja moja, wakuandikie. Na bima: nani analipa akivunjika?
Kaka yako, Westerville

*

Asante kaka. Miadi na mshauri ni Alhamisi saa nne asubuhi, fomu bado iko juu ya friji. Jezi nimeirudisha. Jirani kaniuliza mara mbili kama niliifua. Nilipomwambia sikuifua, ndipo akaipokea.
Mama wa East Side