Ziara yangu ya kwanza ya kantri kwa jina langu: nimwachie promota au nijitose mwenyewe?

Binti wa Subukia:

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo linaloninyima usingizi, naomba mnisaidie kulifikiri.

Mimi ni mwimbaji wa kantri, mwaka wa tisa sasa. Nimelelewa Subukia, nyumba yenye redio moja. Betri zikichoka baba alikuwa anazianika juu ya bati zipate jua, ili jioni tusikie angalau nusu saa ya Jim Reeves na Skeeter Davis, wale waimbaji wa kantri wa Marekani. Miaka yote hii tisa nimekuwa wa kutangulia tu. Nafika Nairobi Ijumaa, napandishwa jukwaani saa mbili usiku wahudumu wakiwa bado wanapanga viti, naimba nyimbo sita saba za watu, kisha mwenye usiku wake anapanda. Silalamiki, huko ndiko nilikojifunzia kazi.

Sasa mwezi wa tano, Nakuru, nimemaliza zamu yangu nakunja waya wa gitaa, mzee mmoja akanijia kofia mkononi. Amesema ametoka Njoro. Akaniambia, "Binti yangu, mbona leo hujauimba ule wa maziwa?" Wimbo huo ni wangu mwenyewe, nusu Kiswahili nusu Kikuyu, kuhusu baba akisukuma baiskeli yenye mitungi ya maziwa hadi kwenye chama cha ushirika na kukuta lango limefungwa. Nilikuwa nimeuimba hadharani mara tatu tu. Niliondoka nikaenda kulia ndani ya gari.

Tangu usiku ule nimeamua kufanya ziara yangu, jina langu peke yake kwenye bango. Nimepanga Nakuru, Kericho, Eldoret, Nyeri, Mombasa na Nairobi, kuanzia Septemba mwishoni hadi Novemba. Hesabu ya usiku mmoja ni hii: mitambo ya sauti 45,000, bendi ya watu watano 30,000, gari na mafuta 15,000, malazi 10,000. Laki moja. Kiingilio nimekiweka 1,000, kwa hiyo watu mia wa kwanza wananirudishia gharama tu.

Kuna promota aliyenipigia. Yuko tayari kubeba gharama zote na kunilipa 40,000 kila usiku, lakini mapato ya mlangoni ni yake na video zote zitakazorekodiwa ni zake. Mume wangu anasema nikubali. Na jambo la pili linanisumbua zaidi: nina nyimbo zangu kumi na moja. Je, mtu atatoa elfu moja kunisikia mimi, au anamtaka Don Williams na Kenny Rogers kupitia mdomo wangu?

Fundi Sauti:

Dada, hongera kwanza. Nafanya kazi ya mitambo hapa Nakuru, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Usikodi mitambo upya kila mji. Kodi mara moja kwa ziara nzima, uje na fundi wako mmoja. Ukitumia mitambo ya kila ukumbi utapoteza saa tatu za kila siku ukitafuta sauti yako, na gitaa kavu kama lako ndilo huumia kwanza: usipokuwa mwangalifu linaanza kuvuma kwenye spika na watu hawasikii maneno. Kantri bila maneno imebaki nini? Kila ukumbi nenda mchana, simama mlangoni, mtu mwingine aimbe jukwaani. Umeme nao uangalie mapema. Kuna kumbi ambazo ukichomeka gitaa tu unasikia mlio kama wa nyuki, hiyo ni waya wa ardhi haujaunganishwa.

Karatasi: kibali cha kelele kinatolewa na kaunti, na kituo cha polisi wapelekee barua. Na kwa kuwa utaimba nyimbo za watu, kuna leseni ya mirahaba. Kabla hujamlipa yeyote, uliza KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni shirika gani lina kibali chao mwaka huu. Wengi hulipa wasiohusika halafu wanalipishwa tena usiku wa tamasha.

Dereva wa Usiku:

Mimi niko upande wa mume wako. 40,000 mara sita ni laki mbili na arobaini, na hujatoa hata shilingi mfukoni. Mwaka wa kwanza mwache mwingine abebe hofu, wewe ubebe gitaa. Mvua za vuli ni Oktoba hadi Desemba, siku moja tu ya mvua kubwa inakuondolea nusu ya watu.

Besi Nne:

Ndugu Dereva, nimekuelewa, lakini zile video ndizo zinazonitia hofu. Usiku ambao watu mia wataimba naye ule wa maziwa, rekodi hiyo itakuwa mali ya mtu mwingine maisha yake yote. Dada, mtu akitaka mlango, mjadiliane. Akitaka video, hapana.

Sasa naongea kama mpiga besi. Niliwahi kuzunguka na msanii mmoja, simtaji, aliyetuahidi malipo "tukishahesabu mlango". Usiku wa tatu tukalala ndani ya gari, wanne, na spika ya besi miguuni. Mpiga ngoma aliondoka asubuhi bila kuaga na sikumlaumu. Tangu hapo siondoki nyumbani bila nusu yangu kwenye M-Pesa, na nusu nyingine kabla ya wimbo wa mwisho. Bendi yako wakikuomba hivyo usiwaone wachoyo. Waandikie ukurasa mmoja, tarehe, pesa, nani analisha nani, msaini wote. Na pesa za mlangoni ziingie kwenye till yako wewe ya M-Pesa, si ya rafiki wala ya meneja wa ukumbi.

Mzee wa Chai:

Binti, karibu Kericho. Umekuja kwenye nchi ya kantri kuliko unavyofikiri. Mwaka 1950, hapa Kapkatet, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu mtu waliyemwita Chemirocha. Chemirocha huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki 1933. Santuri zake zilifika huku na gramafoni, na wakamwona kuwa ni nusu mtu nusu paa, wakamtungia wimbo kwa lugha yao wenyewe na kinubi chao. Hawakumwiga. Waliyachukua yaliyowagusa wakaimba ya kwao. Kwa hiyo hilo swali lako la nyimbo zako au za wageni, huku kwetu lilijibiwa zamani.

La pili ni la mfukoni. Usije Septemba. Bonasi ya wakulima wa chai huingia Oktoba, na kabla ya hapo mkulima anahesabu hata nauli. Njoo Jumamosi ya pili au ya tatu baada ya bonasi. Nyeri nako kuna wakulima wa chai, panga vivyo hivyo. Na uwe chini ya paa, jioni huku ni baridi na wazee wako hawatasimama kwenye nyasi zilizolowa.

Shangazi Mwambao:

Mwanangu, mimi ni wa Mombasa na nakwambia kwa mapenzi: Mombasa iache mara hii. Ni karibu kilomita 490 kutoka Nairobi, gari na malazi vitakula faida ya miji miwili. Wapenzi wa kantri wapo huku, nami ni mmoja wao, lakini tumetawanyika. Uje mwakani kwenye ukumbi mdogo, tukuandalie sisi.

Ukumbi wowote usiutegemee mpaka umelipa arubuni na kupewa risiti yenye tarehe.

Halafu redio. Loretta Lynn mwaka 1960 hakuwa na promota wala ziara. Yeye na mumewe waliingia garini, wakaenda kituo kimoja cha redio baada ya kingine na santuri yake ya kwanza, wakilala humo humo. Santuri ile ikafika nambari 14 kwenye orodha ya kantri ya Marekani. Wewe nenda Inooro, nenda Kass FM, usitume wimbo kwa simu na kusubiri. Ingia na gitaa, uimbe hapo hapo. Mtangazaji akikusikia kwa masikio yake atakutaja wiki nzima.

Binti wa Subukia:

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikamsomea mume wangu kwa sauti. Ile ya Chemirocha nilikuwa sijawahi kuisikia. Nimekaa nayo tangu jana.

Mombasa nimeiondoa. Shangazi, ahadi ya mwakani nimeiandika. Kericho na Nyeri zimesogea hadi Oktoba mwishoni. Promota nimempigia, nikamwambia Nairobi tunaweza kuifanya pamoja, mlango tugawane, video hapana. Amesema atafikiri. Akikataa nitaifanya Nairobi ya mwisho kwa nguvu ya miji mingine. Julai 2024 nilikuwa Ngong Racecourse kwenye ile sherehe ya wapenzi wa kantri, ya kofia na mabuti, niliona umati ule kwa macho yangu, kwa hiyo najua watu wapo.

Limebaki moja. Saa moja na nusu jukwaani peke yangu, sijawahi. Mimi sichezi, sirukiruki, naimba nimesimama. Na sijui ule wa maziwa niuweke wapi. Nikianza nao naogopa nitalia, nikiuweka mwisho naogopa sauti itakuwa imekwisha.

Besi Nne:

Kuhusu kucheza usijali hata kidogo. Don Williams alikaa kwenye stuli na kofia yake, kikombe cha kahawa pembeni, na watu walikaa kimya wakamsikiliza. Chukua stuli.

Mpango wangu ungekuwa hivi: anza na mbili zako za haraka, watu wajue wamekuja kwa nani. Nyimbo za wageni ziwe nne au tano tu, uzitawanye, zile ambazo kila mtu anaitikia. Ule wa maziwa uwe wa nane au wa tisa, bendi ishuke jukwaani, ubaki wewe na gitaa. Sauti itakuwa imepasha moto na haijachoka. Ukilia, lia, kisha uendelee kutoka pale uliposimama. Ila ufanyie mazoezi mbele ya watu wawili watatu nyumbani kwanza, usiku wa Nakuru usiwe mara ya nne.

Fundi Sauti:

Nakubali. Na nitakuzimia taa zote isipokuwa moja. Nakuru nije mwenyewe, ya siku hiyo usinilipe. Yule mzee wa Njoro amealikwa?

Binti wa Subukia:

Sina namba yake, hata jina sikumuuliza. Lakini alisema yeye pia hupeleka maziwa. Jumamosi asubuhi nitakwenda Njoro kwenye chama cha ushirika na mabango kumi, kabla lori halijafika.