PhD ya kulipiwa: Ujerumani au Nairobi? Naombeni ushauri kabla sijajibu

Binti_Uluguru
Wakuu habari za jioni. Nimepata nafasi mbili za PhD, zote zinalipiwa. Moja Ujerumani, miaka mitatu. Nyingine Nairobi, nayo miaka mitatu. Profesa wa Ujerumani anataka jibu kabla mwezi haujaisha, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Mliopita huko, ipi bora? Kejeli hapana, tafadhali.

Mzee wa Kasulu
Ujerumani. Uzi ufungwe.

Kipepeo Mweusi
Dada, hii ni sawa na kuuliza basi gani zuri bila kusema unasafiri kwenda wapi. Fani gani? "Inalipiwa" na nani, una mkataba wa ajira au unapewa posho? Una kazi hapa nyumbani? Una familia? Masta ulimaliza mwaka gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Na wewe Mzee wa Kasulu, uzi wa mashine za kufulia pia ulijibu Ujerumani.

Mzee wa Kasulu
Na nilikosea? Yangu inafua mpaka leo.

Binti_Uluguru
Haya, poleni. Ni entomolojia, nashughulika na nzi wa matunda kwenye maembe. Masta nilimaliza 2020. Nimeajiriwa kwenye taasisi ya utafiti ya serikali. Ujerumani ni nafasi kwenye mradi wa profesa, wameandika mshahara wa daraja la E13, asilimia 65. Nairobi ni ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kwenye mpango wao wa PhD uitwao ARPPIS, kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Usaili nimeshapita. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja hajaanza shule.

Kipepeo Mweusi
Umeona? Sasa ndiyo umeleta mada.

Fundi Darubini
Niko Ujerumani, nipo mwisho mwisho wa tasnifu, kwa hiyo nitaeleza upande huo. E13 asilimia 65 maana yake wewe ni mfanyakazi, siyo mwanafunzi wa kuhurumiwa. Kwa viwango vya 2025 ni kama Euro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato, mkononi zinabaki kama 2,000, zaidi kidogo mume akiwa nawe maana daraja la kodi linabadilika. Unachangia pensheni, bima ya afya ya umma inambeba mume asiye na kipato pamoja na mtoto bila nyongeza, na likizo ya uzazi ipo. Hiyo 65 isikudanganye lakini. Ni asilimia ya mshahara. Maabara utakaa asilimia 100, na Jumamosi utakwenda kuwalisha hao nzi wako.

Zile habari za akaunti iliyofungwa ya Euro 11,904, yaani fedha za kujikimu mwaka mzima zinazowekwa benki kabla ya viza, unazosikia kwa wanaokwenda kusoma kwa fedha zao hazikuhusu. Mkataba wa kazi unatosha kuonyesha utaishije.

Mwana wa Makueni
Nikiwa Mkenya acha nitetee nyumbani. Dadangu, huyo mdudu wako yuko huku! *Bactrocera dorsalis* ilionekana Kenya 2003, na kufikia 2014 tulijisimamishia wenyewe kuuza maembe Ulaya kwa sababu yake. Mashamba ya Makueni ni maabara tayari. Kule Ujerumani huyo nzi ni mdudu wa karantini, utamfuga ndani ya chumba chenye milango miwili na vibali juu ya vibali. Shamba la maembe utaliona kwenye slaidi.

ICIPE ndiyo nyumba ya wadudu Afrika nzima. Profesa Thomas Odhiambo aliianzisha 1970, na ARPPIS yenyewe inafundisha watu tangu 1983. Kuna makao makuu, Duduville, hapo Kasarani, kuna kituo cha Mbita kando ya ziwa, na ile mbinu ya sukuma-vuta ya kudhibiti funza wa mahindi imepikwa na watu wao. Mzungu wa entomolojia anapanda ndege kuja huku, wewe unaikimbia.

Mzee wa Kasulu
Anapanda ndege kuja, halafu anarudi kula mshahara wa kwao. Fikiri hapo.

Mvuvi wa Ukerewe
Binti, nisome taratibu. Nchi sitaitaja wala chuo.

Mimi ni kemia ya maji. Nilipata nafasi Ulaya kama hiyo yako, kwenye mradi wa profesa, barua nzuri, kila mtu Ukerewe akajua. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwaka wa pili yule bwana akapata kiti kikubwa zaidi nchi nyingine. Fedha za mradi zilikuwa kwa jina lake, si la chuo wala langu, zikahama naye. Nikaambiwa nichague. Nimfuate, maana yake viza mpya na usajili kuanza sifuri, au nibaki na mkataba uishe tarehe yake bila kuongezwa. Mkataba wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Kwenye mazungumzo tuliahidiwa mitatu, kwenye karatasi hapakuwa na kitu.

Nikabaki, kwa sababu mtoto alikuwa ndiyo kwanza amezoea shule. Chuo kikanipa msimamizi mwingine, mtu mwungwana kabisa, ila kazi yake yote ni hesabu za molekuli kwenye kompyuta, ziwa hajawahi kulikanyaga. Kilichoniuma zaidi ni sampuli. Maji na matope niliyoyachota mwenyewe, usiku mwingine mtumbwi unataka kupinduka, yakafungwa kwenye barafu yakasafirishwa kwenda chuo kipya cha profesa, kwa kuwa ni mali ya mradi. Sura mbili za tasnifu zikaondoka ndani ya boksi. Nilimaliza, Mungu ni mwema, lakini mwaka wa mwisho nililishwa na mke wangu aliyekuwa anauza vitenge Mwanza. Mimi Ulaya, yeye ndiye ananitumia hela.

Kwa hiyo kabla hujajibu muulize profesa kwa maandishi: mkataba ni wa miaka mitatu kwa mkupuo? Wewe ukihama mimi nalipwa na nani? Data na sampuli ni za nani? Kisha tafuta wanafunzi wake wa sasa uzungumze nao yeye akiwa hayupo.

Fundi Darubini
Pole sana mkuu. Hayo yapo. Kwa hapa mkataba ukishasainiwa wa miaka mitatu mwajiri ni chuo, hawakutoi katikati kirahisi. Hatari ni pale unapopewa wa mwaka mmoja.

Mwana wa Makueni
Ndiyo maana nasema ICIPE. Fedha ya DAAD inakuja kwa jina la mwanafunzi, haimfuati bosi. Na kwa ufadhili ule unaweza kuomba kwenda Ujerumani miezi kadhaa kufanya sehemu ya utafiti, ukaonja pande zote mbili.

Kipepeo Mweusi
Makueni, sema na ubaya wake basi. ICIPE haitoi shahada. Anafanya utafiti pale, anasajiliwa chuo kikuu kingine cha Afrika, wasimamizi wanakuwa wa pande mbili. Nimeona tasnifu inakaa kwa watahini wa chuo hadi posho inakwisha, mtu anarudi kwao kusubiri barua ya utetezi. Binti aulize atasajiliwa wapi, na wahitimu wa chuo hicho wamechukua muda gani.

Mwana wa Makueni
Hapo sina ubishi.

Profesa Mtarajiwa
Mnamchelewesha dada wa watu. Marekani! Tarehe za mwisho za vyuo vingi ni Desemba. Ada inafutwa, unalipwa kwa kufundisha au kufanya utafiti, hata mwenye digrii ya kwanza anaingia, na idara nyingi siku hizi hazidai mtihani wa GRE. Ada ya maombi unaandika barua pepe kuomba usamehewe.

Mrundi wa Ngozi
Ndugu, mimi barua ya chuo cha Marekani ninayo. Juni 2025 Burundi tukawekwa kwenye orodha ya nchi zilizozuiwa kuingia Marekani, viza za wanafunzi zikasimamishwa. Barua nimeiweka kwenye fremu. Anayekwambia Marekani muulize kwanza una pasipoti gani.

Kipepeo Mweusi
Halafu miaka mitano au sita, mtoto anaanza shule hadi anamaliza msingi. Dada ana nafasi mbili mkononi, ya tatu ya nini?

Dagaa Kauzu
Mume atahitaji cheti cha Kijerumani cha A1, ile ngazi ya kwanza, kabla ya viza. Aanze sasa pale kituo cha Goethe, Dar.

Fundi Darubini
Siyo lazima. Binti akiingia kwa kibali cha mtafiti, mwenzi haulizwi lugha. Akiingia kwa kibali cha mwanafunzi ndipo A1 inapodaiwa. Mkataba uleule, kibali tofauti. Aulize ofisi ya wageni ya chuo wanampeleka kwa kipi.

Dagaa Kauzu
Shemeji yangu alidaiwa.

Fundi Darubini
Mkewe alikuwa na kibali gani?

Dagaa Kauzu
Mimi nitajuaje, nilikwenda kwao kula pilau tu.

Mzee wa Kasulu
A1 au bila A1, ajifunze. Kununua mkate kwa ishara ni aibu.

Kijana wa Wuhan
Na China mbona hamuitaji? CSC, ufadhili wa masomo wa serikali ya China, wanalipa yuani 3,500 kwa mwezi kwa PhD, ada bure, bweni bure. Mimi najiwekea akiba.

Kipepeo Mweusi
Una mtoto?

Kijana wa Wuhan
Sina.

Kipepeo Mweusi
Endelea kujiwekea.

Binti_Uluguru
Asanteni wote, hasa Mvuvi wa Ukerewe, nimesoma na mume wangu kwa sauti. Nimemwandikia profesa maswali yale matatu. Amejibu la mkataba tu: mwaka mmoja, kisha miwili wakiridhika. La sampuli amesema tutazungumza nikifika.

Jambo jingine sikulisema. Mwajiri amekubali ruhusa ya masomo yenye mshahara kama nitasoma Afrika Mashariki. Ulaya ni bila mshahara, na nikirudi lazima nitumikie taasisi.

Kipepeo Mweusi
Dada! Hilo ndilo la kuanza nalo. Posho ya DAAD juu ya mshahara wa nyumbani, na bado unauliza? Ila soma kwanza masharti ya DAAD kuhusu kipato kingine, wasije wakakukata.

Mvuvi wa Ukerewe
"Tutazungumza ukifika." Hmm.

Fundi Darubini
Mwaka mmoja kisha miwili ni kawaida kwa baadhi ya maabara, siyo lazima iwe mtego. Mtafute mwanafunzi aliyepita mwaka wa kwanza kwake. Usikatae kwa sababu ya uzi.

Mzee wa Kasulu
Ujerumani bado.

Mwana wa Makueni
Binti ukija nishtue. Kasarani nyumba zipo ila angalia maji, mitaa mingine yanatoka siku mbili kwa wiki.

Dagaa Kauzu
Mkuu wa Makueni, vyumba viwili maeneo hayo ni bei gani? Nina mdogo wangu anahamia Nairobi Januari.