Nikiweka simu mezani kurekodi, kila mtu anageuka mtangazaji wa redio

BintiKibokoni:
Assalam alaikum, na habari zenu nyote. Nasoma isimujamii, yaani lugha inavyotumika katika jamii, mwaka wa mwisho. Tasnifu yangu ni ya Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa: nataka kuona vijana wa Mji wa Kale, Mombasa, wanashika nini na wanaacha nini. Ndia au njia, mato au macho, kitwa au kichwa, ndoo au njoo (la kwanza ni Kimvita, la pili ni sanifu).

Taabu ni kwamba simu ikishakaa mezani, maneno yanabadilika. Nyanya yangu alikuwa asubuhi nzima akinifokea "Ndoo hapa!" Nilipomwambia narekodi, alitengeza leso, akakaa wima, akaanza "Mimi nilizaliwa katika mji huu..." kama anasoma taarifa ya habari. Nusu saa, ndia hata moja! Binamu zangu nao wakajibu kama wako mbele ya mtahini. Hojaji niliyogawa ndiyo imenichanganya zaidi: vijana karibu wote wameandika wanasema Kimvita "kila wakati". Wallahi mimi naishi nao, siwasikii.

Msimamizi ataka mazungumzo ya kawaida. Nimewaza kurekodi kwa siri. Mwasemaje?

mwalimu_mstaafu:
Binti yangu, la siri lifute kabisa. Achilia mbali kibali cha utafiti: hao ni jamaa na majirani zako. Wakija kujua, Kibokoni nzima hakuna atakayekufungulia mdomo tena.

Kilichokukuta ndicho kiini cha fani yenyewe. Tunatafuta jinsi watu wanavyosema pasipokuwa na mtafiti, na hatuwezi kujua bila mtafiti kuwepo. Mwanaisimu wa Marekani, William Labov, alilikwepa hilo New York mwaka 1962 kwa ujanja mdogo tu. Alitaka kujua nani anaitamka r ya mwisho wa silabi na nani anaimeza, maana kule r ilikuwa imekuwa alama ya watu wa juu. (London ni kinyume chake, anayeimeza ndiye bwana mkubwa.) Alichagua maduka matatu: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, S. Klein la bei rahisi. Anaangalia kwanza ni bidhaa gani ziko ghorofa ya nne, kisha anamuuliza mfanyakazi ziko wapi. Jibu la Kiingereza, fourth floor, lina r mbili. Anajifanya hakusikia, mtu anarudia kwa kukaza, zinapatikana mbili nyingine. Anasogea pembeni, anaandika.

Aliwauliza wafanyakazi 264. Waliotamka r walau mara moja walikuwa asilimia 62 pale Saks, 51 Macy's, 20 Klein. Ninalolipenda mimi ni hili: wakirudia jibu, wa Macy's ndio walioongeza r zaidi kwenye floor. Walikuwa wanajua kipi kinaheshimiwa, ila ulimi ulikumbuka pale walipojichunga.

Nawe simama karibu na Mji wa Kale, uulize utafikaje Fort Jesus. Neno njia usilitaje, wala ndia. Ukilitia wewe, atakurudishia lako. Kisha sema hukusikia. Andika jibu, kama ni mwanamume au mwanamke, na umri kwa kukisia. Hukunasa sauti wala jina la mtu, lakini hata hivyo lieleze wazi kwenye ombi lako la kibali.

Chalii_wa_Kkoo:
Mkuu hapo juu kamaliza. Mimi naongeza la hojaji: usiitupe. Mwanaisimu Peter Trudgill aliwauliza watu wa Norwich, Uingereza, wanatamkaje, akalinganisha na walivyotamka kweli. Wanawake wengi walidai wanatamka kisomi kuliko ilivyo. Wanaume wengi wakadai wao ni wa uswazi kuliko ilivyo. Kwa hiyo vijana wako hawakudanganyi, dada. Wanakwambia wanataka wahesabiwe kuwa kina nani. Hiyo nayo ni data.

Halafu swali la uchokozi: una uhakika wanakiacha? Sanifu imejengwa juu ya Kiunguja, iliundiwa kamati yake mwaka 1930, shuleni ndiyo inayofundishwa, na bibi yako bado anakuita kwa kusema "ndoo". Ukikuta wa miaka 20 anasema njia na wa 70 anasema ndia, huenda lugha inahama. Huenda pia kijana yuko kwenye umri wa kusaka ajira, na akishaoa na kuzoea baraza atarudi kulekule. Watafute na wa miaka 45, hapo katikati ndipo utaona.

UmmuSalim:
Mie si msomi wa hayo, ila ni mzawa wa Kuze, humo humo Mji wa Kale. Mwanangu, nyanya yako umemuuliza alizaliwa wapi? Hayo ni maswali ya kitambulisho, lazima akujibu kama yuko kwa chifu. Ruhusa yake aitoe kwanza, kisha simu iache hapo siku nyingi mpaka aizoee. Ingia nae jikoni akikaanga mahamri, shoga yake awepo. Waulize zamani homa ikimpanda mtoto usiku walikuwa wakimfanyani. Watabishana mpaka mafuta yaungue, na kitwa na mato utayapata yote humo.

mwalimu_mstaafu:
UmmuSalim angefaa kunisaidia darasani. Mwanaisimu Lesley Milroy aliingia mitaa ya Belfast kwa mtindo huohuo, kama rafiki wa rafiki yao, na mwenyeji akiwa na mwenyeji mwenzake humsahau mgeni upesi.

BintiKibokoni:
Ahsanteni sana. Shoga yake nyanya yuaja Ijumaa, nitawaomba ruhusa wote wawili. La Fort Jesus nikipata kibali nitaanza na madereva wa tuktuk, wamejaa pale.

UmmuSalim:
Tuktuk wacha, wengi wao ni watu wa bara. Ngoja baada ya alasiri, waulize waliokaa barazani.