Nimeuziwa mashine ya boti HP 40 "haijawahi kufunguliwa", kompresheni ya silinda ya chini inasoma psi 62

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza.

Mwezi wa tatu nilinunua mashine ya boti iliyotumika, HP 40, tu-stroki, silinda mbili. Milioni 4 na laki 2, na laki 9 ndani ya hela hiyo ni ya kaka yangu, ambaye hadi leo sijui nimwambie nini. Muuzaji yuko Dar. Aliniapia kwamba haijaguswa hata nati moja. Akaitumbukiza kwenye pipa la maji, akavuta kamba mara mbili ikawaka, moshi mzito ukatoka, maji yakaruka vizuri kwenye kile kitundu cha kukojolea. Nikamwomba tufungue plagi tupime kompresheni, yaani pistoni inagandamiza hewa kwa nguvu kiasi gani ndani ya silinda. Akakataa katakata, eti nitamharibia nyuzi za tundu la plagi kwenye hedi, kile kifuniko cha silinda. Mtu anayejiamini na bidhaa yake anaogopa nini kufungua plagi mbili?

Siku ya kwanza tumetoka nayo Bagamoyo, watu 5, nyavu na barafu. Ikiwa baridi inawaka bila shida. Ukiikamua mpaka mwisho boti haipandi juu ya maji, inaburuza tako tu. Baada ya nusu saa ikalegea kabisa, nikaizima, na ikishakuwa ya moto haiwaki tena. Kusi lilikuwa limeanza. Kijana wetu mdogo kuliko wote anakumba maji kwa kidumu kilichokatwa huku anatapika. Tulivutwa na wenzetu mpaka pwani, na hiyo ndiyo sehemu inayonikera kuliko hela: mtu aliye nchi kavu alijua anachouza, na sisi ndio tuliokuwa ndani ya boti.

Nikaanza kuhangaika na mafundi. Wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akasafisha kabureta, akabadilisha daiframu ya pampu ya mafuta, halafu akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, msaidizi akavuta kamba, akaniambia "upepo upo". Nikalipa. Jamani, kidole hakijui tofauti ya silinda nzima na iliyochoka! Pistoni mbovu nayo inasukuma kidole.

Wa tatu ndiye aliyekuja na geji ya kupimia kompresheni, na nilisimama pale pale nikaangalia. Aliwasha kwanza mashine ipate joto, akazima, akatoa plagi ZOTE mbili, akachomoa klipu ya kuzimia ili cheche zisirushwe, akafungua mlango wa hewa wa kabureta mpaka mwisho. Akavuta kamba mpaka mshale ukaacha kupanda, na idadi ya mivuto ikawa ileile kila silinda. Ya juu ikasoma psi (kipimo cha shinikizo) 118. Ya chini 62. Akarudia, 62 tena. Akanieleza kwamba namba yenyewe hutofautiana kati ya mashine na mashine na kati ya geji na geji, lakini silinda za mashine moja zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15 hapo kuna ugonjwa. Hizi zimepishana karibu nusu.

Akadondoshea oili kidogo silinda ya chini, akapima tena: 95. Ingekuwa gasketi ya hedi inavujisha, namba isingepanda hivyo. Oili imeziba kwa muda pale ringi za pistoni zinapopitisha hewa. Hapo nikaukumbuka ule moshi mzito wa kwenye pipa. Sina ushahidi kwamba muuzaji alimimina oili ndani ya silinda kabla sijafika, ila ukikuta moshi wa namna ile siku ya kuonyeshwa mashine, iache oili iungue yote ndipo upime.

Tukafungua hedi. Ukuta wa silinda ya chini una michirizi unayoisikia kwa ukucha, aluminiamu ya pistoni imepakaa upande mmoja, ringi zimeganda kwenye mifereji yake. Njia za maji kuizunguka zimejaa chumvi ngumu kama chokaa. Yale maji ya kitundu yanaonyesha tu kwamba pampu inasukuma. Hayasemi kama yanafika kila silinda.

Halafu fundi akafuta masizi juu ya pistoni kwa kitambaa, akaniita. Imeandikwa 050. Pistoni ya oversaizi, kubwa kuliko ya kiwandani! Hii blok imeshachongwa, yaani silinda imepanuliwa, nusu milimita nzima, na mtu ameniapia haijaguswa nati. Fundi anasema hii kuchonga tena haiwezekani, sharti kuvisha slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani ya silinda.

Nimempigia. Kasema boti yangu ni nzito. Nimemtumia picha ya ile 050, kaiona, kimya mpaka leo.

Kuuza mashine kuukuu si kosa, sote tunanunua kuukuu. Ungeniambia imechongwa na silinda moja imechoka, ningekupa milioni 2 na nisingeingia nayo baharini kabla ya kuitengeneza.

Mwenye kumjua fundi wa slivu anayeaminika kati ya Bagamoyo na Dar aniambie, na bei aliyolipa. Boti iko mchangani wiki ya 5.