Mafundi wa Tabora, acheni kubadili Hilux kuwa difu mbele kama hamjui kupima

Wakuu, salaam. Leo nina hasira na sitazificha. Kuna watu watakufa barabarani kwa kazi za namna hii, na tukiendelea kunyamaza kwa kuoneana aibu tutakuja kuzika.

Nina Hilux dabo kebini, injini inayoitwa 5L (siyo lita tano), ile ambayo mbele ina mikono na tosheni baa, yaani kila gurudumu limeshikwa kivyake na chuma kinachojisokota kinafanya kazi ya springi. Inabeba asali kutoka kwa wafugaji nyuki wa pande za Ipole kuleta Tabora mjini. Anayezijua njia za kule ukishaacha lami msimu wa mvua anajua mbuga ni kitu gani, ule udongo mweusi unaonata mpaka rimu haionekani. Mikono ya mbele imenila pesa miaka yote. Buti za CV joint, vile viungo vinavyozungusha magurudumu ya mbele, zinapasuka, matope yanaingia, joint inakwisha. Ukikaza tosheni baa gari inyanyuke, ni kweli inanyanyuka, lakini gurudumu linakosa nafasi ya kushuka kwenye shimo na CV zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa vibaya. Kwa hiyo niliamua kuweka ekseli nzima mbele na springi za bapa, ndiyo hiyo tunayoiita difu mbele. Uamuzi huo nausimamia hadi sasa. Gurudumu moja likipanda kisiki, ekseli inalisukuma la pili chini likatafute ardhi, na springi ikivunjika hata Sikonge utapata mtu wa kukufungia nyingine.

Gereji nitaiacha bila jina, maana nimekuja kusema kazi, sikuja kufanya kesi humu. Wao wenyewe ndio walisema wanaijua. Wakasema wamezifanya nyingi. Ekseli wakaitafuta wao, ya LN106, Hilux ya zamani, iliyokatwa skrepa, na pesa wakachukua yote.

Gari ilipotoka, kwenye lami ya Sikonge ukifika spidi sitini na kitu halafu tairi moja ikakanyaga kiraka, stelingi inaanza kutikisika kulia na kushoto, kwa nguvu ambayo mikono miwili haiwezi kuizuia. Dashibodi inapiga kelele, gari nzima inatetemeka, na haiachi mpaka upunguze mwendo karibu na kusimama. Dereva wangu ni kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Nimerudi gereji, jibu nililopewa ni hili: "Bosi, gari za difu mbele ndivyo zilivyo, utazoea."

Hapo ndipo damu ilipochemka.

Ndivyo zilivyo kwa nani? Hilux ya kwanza ya fowili, inayovuta kwa magurudumu yote manne, mwaka 1979, ilitoka kiwandani na ekseli nzima mbele. Hiyo LN106 mliyoikata ilitoka hivyohivyo. Land Cruiser pikapu ina ekseli nzima mbele hadi leo, kwanza kwa springi za bapa, kisha kuanzia 1999 kwa koili. Hizo ndizo zinabeba wagonjwa na askari nchi hii kila siku, usiku na mchana, kwenye lami na kwenye vumbi. Umewahi kuona gari la wagonjwa linatikisa stelingi hivyo halafu muuguzi akaambiwa atazoea? Usimsingizie Toyota ubovu wa mikono yako.

Nimelala chini ya gari mwenyewe na mtu mmoja mtaalamu aliyekuja toka Mwanza kwa shughuli zake. Nitasema tulichokiona ili mwingine asiibiwe.

Kwanza nako, vile vyuma vya kwenye ncha za ekseli ambavyo gurudumu linageukia. Juu ya nako inatakiwa ilale nyuzi chache kuelekea nyuma ya gari. Mlalo huo ndio unaofanya stelingi irudi katikati yenyewe na gari ishike njia. Hawa walikata viti vya springi vya zamani, wakaizungusha ekseli nzima ili pinioni, pale propela inapoingia kwenye difu, itazame juu kuelekea transfa, boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, propela ikae vizuri machoni, halafu wakachomelea. Ukiinua pinioni ya mbele unaiangusha juu ya nako kwenda mbele. Ni chuma kimoja hicho! Ule mlalo wote ukaisha, yangu sasa imelala mbele. Kama propela ilikuwa inawasumbua, dawa yake inajulikana: unakata weldi za nako kwenye ncha za ekseli, unazungusha nako peke yake hadi pembe inayotakiwa, kisha unachomelea upya. Kazi ngumu, ndiyo. Lakini ndiyo kazi niliyoilipia. Na wasiseme hawana vifaa, simu za siku hizi zina programu ya kupima mlalo, unaiweka juu ya chuma unasoma nyuzi.

Walichofanya badala yake ni kunifungia shokapu ya stelingi. Ile inapunguza mtikisiko kwa muda, ugonjwa unabaki palepale, na siku ikichoka mtikisiko unarudi mkubwa zaidi. Beringi za kingipini, zile nako inazogeukia, hawakuzigusa kabisa, zilikuja na ulegevu kutoka skrepa zikafungwa vilevile.

Pili, na hili ndilo linaniuma kuliko yote, ni meno ya difu. Difu yangu ya nyuma ni meno 41 kwa 9, yaani propela inazunguka mara 4.556 tairi zikizunguka mara moja. Ya mbele waliyoleta ni 41 kwa 10, yaani 4.10. Ukiweka fowili, transfa ya Hilux inafunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke sawa. Kwa hiyo kila mita 10 za tairi za nyuma, za mbele zinataka kwenda zaidi kidogo ya 11. Zitavutana mpaka kitu kitoe roho. Kwenye mbuga ilianza kulia transfa, kisha liva ikagoma kutoka kwenye fowili, gari ina mzigo na wingu limefunga. Kupima hakuhitaji hata kufungua difu. Weka gia huru, inua tairi moja, nyingine ibaki chini, izungushe ile iliyoinuka mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikiwa minne na kidogo, ni 4.10. Ikipita nne na nusu kidogo, ni 4.556. Dakika tano! Watu waliochukua pesa ya kutosha kuanza msingi wa nyumba wameshindwa dakika tano.

Tatu, fimbo inayotoka boksi ya stelingi kwenda gurudumuni. Wakuu, ni bomba la maji. Bomba la maji limekatwa, likaungwa katikati kwa weldi, stiki zilezile za kuchomelea mageti, likapakwa rangi nyeusi lisionekane. Bomba hilo likiachia, dereva anabaki ameshika usukani usiounganishwa na kitu chochote. Juu ya hapo limekaa mshazari mkali, kila springi ikibonyea gari inajikatia kona yenyewe. Mipira ya breki nayo waliacha ileile mifupi, ukining'iniza gurudumu inakazika mpaka unaona inataka kung'oka.

Msimamo wangu nimewapelekea kwa maandishi: meno ya mbele na nyuma yafanane, nako zikatwe na kupangwa upya, beringi za kingipini mpya, fimbo ya stelingi ya chuma kizito kisichoungwa katikati, mipira ya breki mirefu. La sivyo warudishe pesa yangu nikafanyie kwingine. Gari nimeipaki, dereva haendi nayo hata sokoni.

Na ninyi mnaokuja kuandika "mkuu ungenunua tu Land Cruiser", asanteni, ila bei yake mnaijua.

Ninachoomba humu ni kimoja. Mwenye Hilux iliyobadilishwa kuwa difu mbele na inatembea 80 kwenye lami bila kutikisika, awe Tabora, Kigoma, Shinyanga au Mwanza, aweke picha ya nako na fimbo ya stelingi ikiwa imepigwa toka mbele, na aseme ni mji gani ilifanyiwa. Picha ya gari limeoshwa limeinuliwa juu sitaki, hizo nimeona za kutosha.