Acheni kuuziana baruti kwenye chupa za mayonezi!

Wakuu mlioko Marekani mnaojaza risasi wenyewe (kutia baruti mpya kwenye maganda), huu upuuzi umezidi. Kila mara mtu anatangaza baruti "ya mwaka juzi tu, safi kabisa", imo kwenye chupa isiyo na lebo. Mwaka juzi ndiyo nini? Kopo la miaka 30 lililokaa kabatini penye ubaridi na ukavu laweza kuwa zima, na la miaka 3 lililopikwa darini kule Arizona likawa limekwisha.

Baruti isiyo na moshi, hii ya risasi, ni hasa kemikali ya nitroselulosi. Huchakaa yenyewe polepole na kutoa gesi yenye tindikali. Kiwandani huwekewa kemikali ya kuinyonya gesi hiyo, mara nyingi daifenilamini, na joto ndilo linalokimaliza upesi. Kikiisha, gesi inaila baruti na kuzalisha gesi zaidi, hadi inaweza kuwaka bila kiberiti. Nusa: nzima hunukia kama etha au spiriti. Iliyooza inachoma pua, ina vumbi jekundu kama kutu, pengine na mvuke wa kahawia. Hiyo usijazie risasi. Iloweshe maji, itoe nje, waulize zimamoto wa hapo ulipo namna ya kuitupa.

Halafu nyie mnaoweka baruti kwenye masanduku ya chuma ya jeshi yenye mfuniko uliozibwa kwa mpira! Baruti ikiwaka mahali pa wazi inaungua tu; ikibanwa ndani ya chuma, hilo ni bomu. Kopo la kiwandani limetengenezwa lipasuke mapema kwa makusudi. Kanuni ya NFPA 495 (ya chama cha Marekani cha kukinga moto) inaruhusu nyumbani ratili 20 (kama kilo 9) katika makopo yake ya asili. Ukivuka hapo hadi 50, ni sanduku la mbao la unene wa inchi 1.

Fataki (vile vifuniko vidogo vya kitako cha risasi vinavyowasha baruti) nazo mnazimimina kwenye chupa ya kioo, eti zionekane. Moja ikilipuka, zote zinafuata. Vile vitundu vya trei zinamokuja si urembo, vinazitenganisha. Mwisho ni 10,000 kwa nyumba, na sheria ya mji wako yaweza kupunguza.

Baruti isilale kwenye faneli ya mashine ya kujazia pia. Yenye nitrogliserini hula plastiki, kopo likiachwa wazi baruti hukauka ikaungua kwa kasi kuliko vipimo vya kitabu cha kujazia, na kesho hukumbuki ni ipi.

Muuzaji, ukiombwa picha ya kopo la asili na namba ya toleo, usijibu "niamini, kaka".