Mjadala: Je, kisa cha utumwa kilistahili kusimuliwa kupitia mapenzi ya msichana mweupe?

Ndugu wasomaji, hoja ninayoiweka mbele yenu inahusu tamthilia ya Kikolombia iitwayo La esclava blanca, jina ambalo kwa Kiswahili cha wazee wetu tungelifasiri kuwa Mjakazi Mweupe. Kituo cha televisheni cha Caracol kilianza kuirusha mwezi Januari 2016, na baadaye ikawafikia watazamaji wa nchi nyingine. Kisa chake kimewekwa Santa Marta, mji wa bandari katika pwani ya Karibi ya Colombia, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Wazazi wa mtoto mchanga aitwaye Victoria, wenye shamba kubwa, wanauawa na Nicolás Parreño, na watumwa wanamwokoa mtoto huyo, wanakimbia naye msituni na kumlea kama wa kwao. Akiwa bado mdogo ananyang'anywa mikononi mwao na kupelekwa Hispania. Miaka mingi baadaye anarudi Santa Marta kwa jina lisilo lake, akijulikana kuwa ni mwanamke wa ukoo bora aliyekuja kuolewa na Parreño yuleyule, ilhali moyoni amekuja kulipa kisasi, kuwakomboa waliomlea na kumtafuta Miguel, mtumwa aliyekua pamoja naye. Nerea Camacho, mwigizaji wa Hispania, ndiye Victoria, na Orián Suárez wa Cuba ndiye Miguel. Mapenzi yao yaliyokatazwa ndiyo yanayobeba tamthilia nzima.

Swali linalobishaniwa ni je, ilikuwa sahihi kuwasimulia Wakolombia habari za utumwa wao kwa kumweka katikati msichana mweupe? Wanaopinga wanasema kwamba mateso ya watu weusi yamegeuzwa kuwa pazia la nyuma la huzuni ya mtu mwingine, na kwamba ukombozi umekabidhiwa kwa mtu ambaye ngozi yake haikuwahi kumfunga. Wanaotetea wanasema tamthilia za namna hii zimejengwa tangu zamani juu ya mtoto aliyepotea, jina lililobadilishwa na mapenzi yanayozuiwa, na kwamba kwa njia hiyo tu ndipo familia zilizokaa sebuleni jioni zilikubali kutazama mijeledi, minyororo na vijiji vya watoro kwa miezi kadhaa.

Niseme mapema kwamba mimi nimo upande wa wanaopinga, lakini ipo hoja moja ya watetezi ambayo sikuweza kuipita haraka. Wanasema kwamba Victoria hajioni kuwa mweupe. Mama anayemjua ni mwanamke mweusi aliyembeba mgongoni, na nyimbo zake na hofu zake ni za msituni, hivyo uweupe anakuja kuufundishwa ukubwani, kama mtu anavyofundishwa kuvaa gauni lenye kubana na kunywa chai kwa adabu. Kwa maoni yao, tamthilia inaonyesha kwamba tofauti ya bwana na mtumwa ni mavazi na malezi, wala haimo katika damu. Hii ni hoja nzuri, na mandhari ya utoto wake msituni, nionavyo, ndiyo sehemu bora kuliko zote katika vipindi vyake zaidi ya 60. Hata hivyo, mwanamke huyu anapotaka kutenda jambo lolote lenye uzito, ni uweupe uleule alioufundishwa unaomfungulia mlango. Anaingia katika nyumba za wakubwa na kuketi mezani na adui yake, na anaposema anasikilizwa. Miguel amelelewa msitu uleule na ana akili isiyopungua yake, lakini hana gauni la kuvaa wala jina la kuazima. Tamthilia inatuambia kwamba damu si kitu, kisha inamwendesha mhusika wake mkuu kwa nguvu ya rangi yake kuanzia anaporudi hadi mwisho.

Jambo linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni lile neno lenyewe la mapenzi yaliyokatazwa, kwa sababu katika mashamba ya watumwa yapo mahusiano ambayo hayakukatazwa hata kidogo. Bwana mweupe alipomtaka mjakazi wake, hakuna sheria wala kasisi aliyemzuia kwa nguvu, na watoto waliozaliwa kwa njia hiyo walijaa katika nyumba, majiko na mashamba ya pwani yote ile. Hayo ndiyo mahusiano yaliyokuwa ya kawaida, na ndiyo yaliyozaa sehemu kubwa ya watu wa Karibi ya Colombia tunaowaona leo. Kilichokatazwa kweli kilikuwa kinyume chake, yaani mwanamke mweupe kumpenda mwanamume mtumwa. Waandishi waliteua lile lililokuwa nadra, ambamo hakuna shaka juu ya ridhaa ya yeyote, na ambamo mtazamaji anaweza kuutakia mafanikio uhusiano huo bila kusumbuka rohoni. Sisemi kwamba ukatili wa mabwana haukuonyeshwa. Ninachosema ni kwamba machozi yetu yalielekezwa mahali ambapo kulia ni rahisi, na yule mjakazi ambaye hakuulizwa kama anapenda au hapendi alibaki pembeni akipita na sinia mkononi.

Hata sheria za wakati ule zinaeleza kwa nini uteuzi huo ni mzito. Mwaka 1776 mfalme wa Hispania alitoa amri iliyowapa wazazi uwezo wa kuzuia ndoa za watoto wao walio chini ya miaka 25 pale walipoona kwamba wachumba hawalingani, na mwaka 1778 amri hiyo ikaenezwa katika makoloni ya Amerika. Ilikuwa amri ya kulinda majina na mali za koo. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1821 iliyopitishwa Cúcuta, mji wa Colombia, iliwatangaza kuwa huru watoto ambao wajakazi wangewazaa tangu hapo, lakini ikawalazimu kumtumikia bwana wa mama yao mpaka watimize miaka 18, na mwaka 1842 muda huo ukarefushwa hadi miaka 25. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria ya Mei 1851, ukakoma tarehe 1 Januari 1852, na fidia ikalipwa kwa mabwana. Hebu tazameni drama iliyomo humo: mtoto huru wa mama mtumwa, anayehesabu miaka yake ya utumishi huku sheria ikiusogeza mbele mwisho wake. Kisa kama hicho kina mapenzi, kina usaliti, kina kungoja kwa miaka mingi, na hakihitaji mwanamke wa ukoo bora kutoka Hispania.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kulitazama jambo hili kama la watu wa mbali. Neno suria tunalijua bila kufasiriwa. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa mbele ya mahakama za Unguja iliwaacha masuria nje, wakabaki katika hali yao hadi mwaka 1909, kwa sababu wakubwa waliona kwamba kuwagusa masuria ni kugusa nyumba na ndoa. Hata mjakazi mweupe kwetu hakuwa wa kubuni, kwani mama yake Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alikuwa Msirkasi, mtu wa milima ya Kaukazi, aliyeletwa akiwa mtumwa. Nayataja haya kwa sababu nimesikia Waswahili wenzangu wakisema kwamba tamthilia hii ni burudani tu na haituhusu. Anayejua alivyoishi suria, namna alivyoweza kuheshimiwa kwa ajili ya mwanawe na bado asiwe na uwezo wa kusema hapana, atatambua mara moja ni kipi kilichokosekana Santa Marta ya Caracol.

Jambo lingine ni kile kijiji cha msituni. Kwa Kihispania huitwa palenque, na kwetu wenyeji wa vijiji kama hivyo waliitwa watoro. Nyuma ya Malindi walikuwapo watoro wa Fuladoyo katika karne ileile ya 19. Si mbali na Cartagena, ambayo ilikuwa bandari kuu ya kuingizia watumwa, kipo hadi leo kijiji cha San Basilio de Palenque, kilichotokana na watoro walioongozwa na Benkos Biohó, ambaye Wahispania walimuua mwaka 1621. UNESCO ilikitambua kijiji hicho kwa utamaduni wake mwaka 2005. Watu wake wana lugha yao, iliyochanganya Kihispania na Kikongo, na Mswahili anayeisikia kwa mara ya kwanza hushtuka, kwa maana mtoto wanamwita moná na ng'ombe wanamwita ngombe. Mimi nilipolijua hilo nilikaa kimya kwa muda. Watu waliovushwa bahari wakiwa uchi waliweza kulihifadhi neno la mwana. Kijiji cha namna hiyo kina wapendanao wake, wivu wake, wazee wake wa kuamua ndoa na mashujaa wake wa kuombolezwa, na kukitumia kama chumba cha kulelea shujaa mweupe kabla hajaenda zake Hispania ni kukipunja.

Watetezi husema kwamba watazamaji wasingekubali kisa kinachoongozwa na mtu mweusi. Dai hili nalikataa kwa sababu halikubaliani na yaliyotokea hukohuko Colombia. Mwaka 2015 kituo cha RCN kilirusha tamthilia ya maisha ya mwimbaji Celia Cruz wa Cuba, mwanamke mweusi, na watu wakaifuata ndani na nje ya nchi. Mwaka 2017 Telecaribe, kituo cha kanda ya Karibi chenye uwezo mdogo kuliko vituo vya Bogotá, kilimweka katikati ya kisa Emilia Herrera, mwimbaji wa bullerengue. Huu ni muziki wa ngoma na kuitikiana ulioachwa na watumwa na watoro. Kwa hiyo watazamaji walikuwapo, na kilichopungua ni imani ya wenye vituo.

Ningependa pia tukumbuke wakati wenyewe. Mwaka 2015, muda mfupi kabla ya Mjakazi Mweupe kuanza, Caracol hiyohiyo ilikuwa imelaumiwa vikali na Wakolombia weusi kwa sababu ya mchekeshaji wa kipindi chake cha Jumamosi aliyejipaka rangi nyeusi usoni ili kuigiza askari mweusi, na malalamiko hayo yalifanya mhusika huyo aondolewe. Katika sensa ya mwaka 2005 zaidi ya watu milioni 4 nchini humo walijitambulisha kuwa wa asili ya Kiafrika. Watu wengi kiasi hicho, walipotoka kuudhiwa kwa uso uliopakwa masizi, waliletewa kisa cha mababu zao kikiwa na uso mweupe katikati yake. Sidhani kwamba waandishi walikusudia ubaya, na naamini walitaka kwa dhati kuushutumu utumwa. Lakini njia waliyoifuata ilikwisha kukanyagwa na wengine. Wabrazili mwaka 1976, katika tamthilia yao ya A Escrava Isaura, walimfanya mjakazi awe na sura nyeupe ili aonewe huruma, na ikauzwa katika nchi nyingi duniani. Miaka 40 baadaye ningetarajia ujasiri zaidi.

Mmoja wa waliochangia kabla yangu ameandika kwamba bila Victoria waigizaji weusi waliopata kazi katika tamthilia hiyo wasingeipata. Ni kweli kwamba walikuwa wengi kuliko kawaida, na kazi yao ilikuwa njema. Orián Suárez peke yake alistahili kisa kizima. Hata hivyo, mwigizaji anaweza kuwa na kazi na bado akapewa nafasi ya kungoja, na Miguel ni mtu wa kungoja. Anangoja Victoria arudi, kisha anangoja mpango wake ukamilike.

Kwa hiyo nawauliza wanaoitetea tamthilia hii, nao wanijibu kwa mifano kutoka katika kisa chenyewe. Tuseme mtoto aliyeokolewa usiku ule alikuwa binti wa mmoja wa wajakazi, akalelewa msituni na Miguel, akakamatwa, akauzwa mbali, na miaka mingi baadaye akajaribu kurudi Santa Marta kumtafuta. Ni tukio gani katika tamthilia hii ambalo lisingewezekana kwake, nani angemzuia, na kwa nini hilo lisiwe ndilo tulilostahili kuonyeshwa?